Dolly Alikuwa na Jina la Bartley Shingoni

Katika kambi yetu nzima, aliyeunga mkono chipu alikuwa shemeji yangu Bartley Mongan peke yake, na kwa hilo tulimsema mpaka midomo ikakauka.

Sheria ilipokuja kwamba kila farasi atiwe chipu shingoni, kidude kama punje ya mchele chenye namba ya kumtambulisha mwenye farasi, wanaume walichemka. Sisi Wasafiri wa Ireland, jamii ya kuhamahama, tunaijua serikali. Ilianza kwa kutufukuza barabarani na mabehewa yetu ya kukokotwa na farasi, ikaziba kwa mawe kila kituo cha kando ya njia, sasa inataka kujua hata farasi kalala wapi. Mimi ni mjane wa kaka yake Bartley na sina breki mdomoni. Nilimwambia mbele ya watu, "Shemeji, leo farasi wako Dolly, kesho watakutia wewe."

"Wanitie tu," akajibu. "Angalau mke wangu Winnie atajua nimelala baa gani."

Tulicheka, lakini sababu yake tuliijua. Zamani aliibiwa farasi jike usiku, akaja kumwona mnadani mikononi mwa mtu mwingine. Farasi akamwita kwa sauti, watu wote wakageuka, na Bartley hakuwa na cha kumwonyesha polisi. Kwa hiyo Dolly, mwenye mabaka meusi na meupe, aliyezaliwa mikononi mwake, alitiwa chipu angali mdogo.

Halafu Winnie, mkewe, akaugua mapafu. Daktari alisema unyevu wa kambini utamuua. Halmashauri ikawapa nyumba mjini Tuam, yenye ua wa kuanikia nguo basi. Farasi utamweka wapi, jikoni? Oktoba Bartley akampeleka Dolly mnada wa Ballinasloe.

Mnunuzi alijiita Tynan. Alimpapasa Dolly miguu taratibu, akamwangalia meno, akaongea naye kwa upole, na hilo ndilo lililompata Bartley. Walivutana bei mpaka mtu wa tatu akaingia kati, kama ilivyo ada yetu, akawashika mikono. Wakatema mate viganjani, wakapigana mikono kufunga biashara, Bartley akamrudishia Tynan sehemu ndogo ya pesa iwe ya heri. Nan, binti ya Bartley, akamnong'oneza baba yake waende wote sasa hivi wakabadilishe jina la mwenye farasi. Bartley alimkata jicho. Kwetu mkono ukishapigwa, maneno yameisha. Kumfuata mtu na karatasi baada ya hapo ni kumwita mwizi usoni. Tynan mwenyewe alisema atalishughulikia Jumatatu, na Bartley akaona haya kumuuliza zaidi.

Februari wakapiga simu kutoka zizi la serikali. Farasi amekutwa amelala kwenye tope la shamba lisilo na mtu, mifupa mitupu, na chipu imesoma jina la Bartley Mongan.

Nilimpeleka mimi kwa gari. Tulipokewa na msichana wa zizini, mpole, macho mekundu. Alimwambia Bartley wazi kwamba hii ni kesi ya ukatili. Kama alimuuza, aseme alimuuza kwa nani.

"Tynan," akasema Bartley.

"Tynan wa wapi?"

Hakujua. Hakuna kati yetu aliyejua. Nilitamani kumzaba kibao yule mnunuzi, na Bartley pia kwa kuniletea mkosi wa kumpenda kama ndugu.

Msichana akasema farasi hawezi kusimama tena, daktari wa mifugo yumo ndani na atamchoma sindano ya kufa leo hii. Bartley akiandikisha kwamba si wake tena, aende nyumbani, polisi wataendelea kumtafuta huyo Tynan. Nilimvuta mkono. Nikamwambia twende, shemeji, umesikia, twende.

Hakusogea. "Nani atamshika kichwa?" akauliza.

"Haruhusiwi mtu wa nje kuingia," akasema msichana. "Mwenye farasi tu."

"Basi ni wangu."

Nilipiga kelele, sifichi. Nilimwambia anajichimbia kaburi, kwamba Winnie mgonjwa atasoma gazetini mumewe aliua farasi kwa njaa. Alivua kofia, akanipa niishike, akaingia.

Na ilikuwa hivyo hivyo. Tynan hajaonekana mpaka leo. Mahakama ilimkataza Bartley kufuga farasi maisha yake yote, jina likatoka gazetini, na kambini wale wale waliopinga chipu walimwambia tulikuonya, kana kwamba chipu ndiyo iliyomnyima Dolly majani. Kuna nyumba mpaka sasa hawamkaribishi chai. Ninazijua, na mimi siingii humo.

Siku ile alitoka baada ya muda mrefu, magoti yamejaa tope. Nilikuwa bado na hasira. Tulipofika garini nilimwambia amejiangamiza bure, kwamba farasi mwenye hali ile hata hajui ni nani kamshika.

"Alijua," akasema. "Alisikia sauti yangu mlangoni, shemeji. Akajaribu kusimama."