Magoti Yangu Mwenyewe

Nimekulia Nairobi, na nilipoolewa huku Gumbo, ng'ambo ya daraja la Juba, nilimwambia mama mkwe waziwazi kwamba wageni nitawapa maji nikiwa nimesimama. Yeye alilelewa uhamishoni Uganda, ambako mke wa mwana hupiga magoti mbele ya mgeni. Tulinuniana wiki nzima.

Kisha nikapata mimba. Katika mwezi wa saba maumivu yalinishika kiunoni, yakashuka kwenye tako la kulia mpaka kisigino, kama mtu aliyeshika waya wa stima. Kukaa kuliuma, kulala kuliuma. Mkunga wa kliniki alisema kuna mshipa wa fahamu uliobanwa, akanifundisha kupiga magoti kwenye mkeka, viganja chini, na kuyumbisha kiuno polepole. Nilijaribu nyumbani siku hiyo hiyo. Mguu ulitulia hadi nikacheka peke yangu.

Jumapili moja akina mama wa kanisa waliingia wakanikuta vivyo hivyo, magotini sebuleni. Mama mkwe aling'aa uso.

"Mnamwona binti yangu? Sasa ana adabu."

Mdomo wa kumjibu ninao. Lakini kuinuka kungenirudishia maumivu, kwa hiyo niliwasalimia nikiwa pale pale chini, tena kwa tabasamu.

Mtoto alipozaliwa, walirudi kumwona. Niliwaletea maji nikiwa nimesimama wima kabisa, na glasi ya kwanza nikampa mama mkwe.