Siku Hanmant Aliposema Maneno Mengi

Hanmant Kharat aliogopa mbwa, mijusi, lifti na daktari wa meno. Nalisema hili mapema kwa sababu ungemwona wewe ungetafuta mlango. Alikuwa na macho makubwa mekundu, shingo nene, na kovu lililotoka sikioni mpaka kidevuni, alilolipata akiwa na miaka tisa alipoanguka na baiskeli ya mjomba wake. Kovu hilo ndilo lililomlisha miaka thelathini na moja. Kila sinema ya Kihindi iliyotaka mtu wa kusimama nyuma ya jambazi mkuu, aliitwa yeye. Alipigwa, alirushwa madirishani, alikufa. Alikuwa amefika vifo mia na kitu mkewe alipomkataza kuhesabu, akisema ni nuksi.

Kusema ndiko hakujaliwa. Watu wa sura yake hawapewi maneno. Mara moja tu alipewa matatu, "Bosi, polisi wamefika," akayafanyia mazoezi wiki nzima kwenye veranda yetu hadi watoto wa jengo zima wakayajua. Siku ya kupiga picha wakampa mtu mwingine.

Mimi naitwa Indumati, ni msusi wa sinema. Kwenye kazi yetu wanaume hupaka sura, wanawake husuka nywele, ndivyo tulivyoikuta. Naishi mlango wa tatu kutoka kwa Hanmant na mkewe Kusum, huku mtaani Jogeshwari, na maji tunachota bomba moja. Kwa hiyo nilimjua wa nyumbani na wa kazini, na nakuhakikishia hawakufanana hata kidogo.

Sinema yenyewe ilikuwa ya utekaji. Mwongozaji wetu, Zorawar Sethna, alitoka kwenye matangazo ya sabuni na manukato, na alivaa miwani ya jua hata ndani ya chumba chenye giza. Tulipiga picha siku kumi na nne bila mtu yeyote kuiona hadithi. Tulipiga moshi. Tulipiga mvua ya lori la maji. Tulipiga msichana amefungwa kitini, taa nyekundu nyuma yake, na nywele zimeangukia jicho la kulia. Nani kamteka, kwa nini, anataka nini? Nilimuuliza, akavua miwani kwa madaha.

"Indu-ji, hadithi ni moshi. Inuse, usiishike."

Nikasema moyoni, moshi unaujulia wapi wewe, hujawahi hata kuwasha jiko.

Hanmant naye aliuliza, kwa adabu zake zote. Akaambiwa, "Wewe mburute tu, mzee. Lakini mburute kwa uzuri."

Siku ya kumi na tano tukapelekwa mji mdogo pembeni ya barabara ya Nashik, siku ya soko, saa tano asubuhi. Zorawar alitaka watu wa kweli wasiojua kitu, maana mtu akijua anatazama kamera. Kamera moja ikafichwa juu ya paa la duka la peremende, imefunikwa magunia, na yeye mwenyewe akajilaza huko. Ya pili ikawa nyuma ya pazia la kinyozi. Aliyeambiwa ni mkuu wa polisi peke yake, na mkuu wa polisi asubuhi hiyo alikuwa kwenye arusi ya mpwa wake.

Sasa sikia ubaya ulipo. Mwezi ule simu za watu wote upande ule zilijaa ujumbe mmoja: kuna gari jeusi linaiba watoto. Wanamnusisha mtoto kitambaa, akili inamruka, anaanza kumwita mwizi mjomba. Mimi mwenyewe niliupata. Na nikisema kweli, niliutuma kwa dada yangu na majirani sita.

Gari letu lilikuwa jeusi.

Mwigizaji wetu, Tanvika, ana miaka ishirini na miwili lakini mwili wake wa mtoto wa darasa la saba. Tulimvika sare ya shule, nikamsuka mikia miwili na kuikunja juu kwa riboni nyekundu. Hanmant alisimama akizitazama zile riboni mpaka nikaona haya kwa niaba yake.

"Nani kakufundisha kufunga hivyo?" akauliza.

"Mama yangu. Kwani vipi?"

"Hamna." Akaenda kunywa maji.

Mimi nikaamriwa kulala sakafuni mwa gari na kitana changu, ili mlango ukifunguliwa nywele ziwe zimeangukia jicho la kulia. Jicho la kulia! Mtoto anatekwa na mtu anawaza jicho.

Picha ikaanza kupigwa. Gari likasimama kwa kishindo, Hanmant akaruka, akamkamata Tanvika, akambandika selotepu mdomoni, akamtupa ndani, akapanda. Nilisikia soko likipiga yowe moja. Tulikwenda hatua ishirini labda, halafu dereva akakanyaga breki nikagonga kichwa chini ya kiti. Mama mmoja muuza vitunguu alikuwa amesukuma mkokoteni wake katikati ya njia, na yeye mwenyewe kasimama mbele yake, mikono kiunoni. Dereva alifungua mlango akatimua mbio. Mpaka leo hajarudi kuchukua viatu vyake.

Baadaye nilijua kuwa yule mama anaitwa Yesubai. Wakati ule sikujua lolote. Niliona mikono tu. Mikono iliyoingia gari zima, ikamtoa Tanvika, ikamtoa Hanmant kwa shati, ikanitoa mimi kwa nywele. Nimewahi kuogopa maishani, nimewahi kulala na homa na nimewahi kuona moto, lakini sijawahi kuogopa hivyo.

"Na mwanamke wanaye! Tazama, kajificha chini!"

"Ana nini mkononi?"

"Kitana," nikasema. "Jamani, ni kitana. Ni sinema hii! Tunapiga sinema!"

"Sinema ya mama yako! Kamera iko wapi?"

"Ile pale juu!" Nikanyoosha kidole. Wote wakatazama paa la duka la peremende, wakaona magunia. Mimi nilikiona kitaa chekundu kidogo katikati ya magunia. Kilikuwa kinawaka. "Zorawar-ji!" nikapiga kelele. "Sema kata! Sema kata, baba, wanatuua!"

Kitaa kikaendelea kuwaka.

Wanawake walikuwa wamemwingiza Tanvika kwenye duka la fundi cherehani na kufunga mlango. Walimbandua selotepu, walimpa maji, walimfuta machozi, watu wema kabisa. Akapiga mlango kwa ngumi akilia, "Mwacheni mjomba Hanmant! Mjomba Hanmant ni mtu wetu!"

Nikafurahi, nikadhani tumepona. Kisha mtu akasema, "Mmesikia? Tayari anamwita mjomba."

Hapo ndipo walipoanza kumpiga kweli. Makofi, viatu, mwamvuli. Damu ikamtoka kwenye paji la uso, ikamwingia jichoni, na haikuwa na ile rangi nzuri ya damu yetu ya sharubati. Mtu wa pancha akaja akipasua umati, spana ya magurudumu mkononi, ile ndefu. Hanmant alikuwa amepiga magoti. Mtu aliyekufa mara mia alikuwa hajui aweke wapi mikono yake.

"Ngoja," akasema Yesubai.

Alisema bila kupaza sauti, lakini mkokoteni ni wake na mwizi ni wake, alimkamata yeye. Mtu wa pancha akangoja. Yesubai akainama mbele yangu, ananuka vitunguu na tumbaku.

"Sinema, sio? Haya bibi. Mimi sinema nimezitazama kabla hujaota meno. Niambie hadithi yake."

Siku kumi na tano za kazi, nikatoa nilichokuwa nacho.

"Kuna... kuna msichana. Anatekwa."

"Na nani?"

"Na watu."

"Wanataka nini?"

"Mama, sijui. Halafu mvua inanyesha."

Kuna waliocheka, na kile kicheko kilinitisha kuliko ile spana.

"Mvua inanyesha!" Yesubai akawageukia wenzake. "Mnasikia uongo huo? Hata muongo wa kituo cha basi ana hadithi. Hakuna sinema ya hivyo duniani." Akamtazama Hanmant. "Na wewe, jitu? Na wewe ni mvua tu?"

Nilijua hana kitu. Nilijua hakupewa hata karatasi. Nikafumba macho, maana sikutaka kuona.

"Mama," nikamsikia akisema, "huyu ninayemwigiza si mwizi wa watoto. Ana binti. Alikuwa na binti. Chhaya."

"Alikuwa?"

"Homa. Jumatatu alirudi shule akasema kichwa kinauma. Alhamisi tukauchoma mwili wake."

"Na baba mtu alikuwa wapi?"

"Kazini. Alikuwa amelala chini, amejifanya maiti. Walimwambia asiinuke mpaka jua lishuke, na yeye hakuinuka."

Nikafumbua macho. Miaka kumi na miwili nimekaa mlango wa tatu kutoka kwao na sikuwahi kusikia jina hilo. Nyumbani kwao hakuna hata picha.

"Basi miaka imepita," akaendelea, sauti inakatika, damu inaingia mdomoni anaitema. "Mkewe hajalitaja jina lile tena. Anapika, anafua, hataji. Siku moja huyu baba yuko sokoni, anamwona mtoto wa shule, nywele zimefungwa riboni nyekundu, zimekunjwa vilevile. Anamchukua. Hataki pesa, mama. Anataka kumpeleka nyumbani tu, akae chini, ale mkate wa bhakri na chatne ya njugu, na mkewe amtazame Chhaya anavyokula. Halafu atamrudisha."

"Hamrudishi huyo," akasema mtu wa pancha.

"Atamrudisha!" akasema mwanamke mmoja.

"Akishaonja kuwa na mtoto? Thubutu!"

"Nyamazeni," akasema Yesubai. "Na mama wa huyo mtoto wa riboni? Naye si anamlilia wa kwake?"

"Ndiyo maana," akasema Hanmant, "kuna mama mmoja muuza vitunguu. Anaona. Wengine wote wanapiga yowe, yeye anasukuma mkokoteni katikati ya njia."

Yesubai akajigonga kifuani.

"Mimi nimo?"

"Umo, mama. Wewe ndiye unayemwokoa mtoto."

"Na huyo baba namfanyaje?"

Hanmant akaitazama ile spana, akamtazama Yesubai.

"Hapo hawajaniandikia, mama. Mwisho unaujua wewe."

Nilisikia mbuzi, nilisikia Tanvika akilia ndani kwa fundi. Yesubai alijifuta uso kwa ncha ya sari yake.

"Weka chini hilo dude lako," akamwambia mtu wa pancha. "Huyu anapewa maji."

Wakati Hanmant anakunywa, bilauri ikigonga meno, Zorawar alishuka kwa ngazi akipiga makofi. Naapa, makofi. "Hofu ya namna hii hainunuliwi!" akasema. Ilibidi watu wa Yesubai wanishike ili nisimtoboe kwa kitana. Hanmant hakumtazama. Aliniita kwa kidole, akaninong'oneza kwamba ameloa. Nikavua taulo langu la ususi begani, nikamfunga kiunoni, tukaenda kwenye basi.

Usiku wala mchana hakutulia tena. Gari likisimama nje, alijifungia chooni. Alinisihi nisimwambie Kusum kitu, hasa lile jina, nikaapa. Wiki kadhaa baadaye akaitwa kuingiza sauti, kwa sababu sokoni kulikuwa na kelele na maneno hayakusikika. Akasimama mbele ya kipaza sauti, akajiona ukutani amepiga magoti, akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Walijaribu mpaka chai ya pili, kisha wakasema si neno, tutampata mwenye sauti.

Sinema ilipotoka Kusum akataka kwenda, maana aliambiwa safari hii sura ya mumewe imejaa ukuta mzima. Hanmant alikataa kutoka nyumbani. Nikaenda mimi na Kusum. Ilikuwa maridadi, siwezi kudanganya. Moshi, mvua, nywele kwenye jicho la kulia. Watu waliulizana, huyu ni nani, kwani kafanya nini.

Ndipo akaja Hanmant. Sura yake ikajaa ukuta, damu kwenye paji, machozi, na nyuma yake wametia wekundu. Midomo ikaanza kwenda. Sauti nzito ya mtu nisiyemjua ikasema, "Nitamkata kidole kimoja kila siku, mpaka baba yake apige magoti."

Watu wakapiga miluzi. Mimi nikatazama miguu yangu.

Kusum hakupiga mluzi. Mdomo ule ameutazama ukila na ukinyamaza kwa miaka thelathini na nne. Nikahisi mkono wake umenishika kifundo cha mkono, baridi, halafu akasimama wima katikati ya ukumbi.

"Hajasema hivyo," akasema. "Indu, hajasema hivyo. Kasema Chhaya. Kasema mara mbili."

"Mama, kaa chini bwana," mtu akasema nyuma yetu. "Hatuoni."