Jina Lisilo na Mwenyewe

Bertha wa mito ya sufi ni jirani yetu hapa Muheza, ukuta kwa ukuta, na kwa kuwa ukuta wenyewe ni wa fito na udongo, mambo ya kwake tunayajua hata yale tusiyoyataka. Kazi yake ni kulaza watu. Msinielewe vibaya, si mlozi. Anashona magodoro na mito. Hununua sufi kwa wenye misufi, huichambua mbegu, huichapa fimbo mpaka ivimbe, kisha huishindilia kwenye kitambaa. Miaka ile ya shida, kitambaa kilipopotea madukani pamoja na sabuni, sukari na aibu ya wenye maduka, alishona mito kwa mifuko ya unga wa msaada. Nusu ya Muheza ililalia maandishi ya kigeni, na wengine waliamka yamewabaki shavuni.

Yeye mwenyewe usingizi ulimpita. Na mwanzo wa kukosa usingizi ulikuwa jina.

Aliolewa na Fanueli, Mbondei mwenzake, fundi baiskeli, mtu mpole ambaye hata pancha huiziba kama anaiomba radhi. Ukoo wa Fanueli, kama koo nyingi za hapa, nusu wako kanisani na nusu msikitini, Krismasi na Idi wanakula sinia moja bila kuulizana. Kinachowaunganisha ni wafu wao. Kwao mtoto hapewi jina, anaulizwa. Akishalia kile kilio ambacho titi halikinyamazishi, wanawake wa upande wa baba huketi naye kizingitini na bakuli la maji. Mkubwa wao huchovya kidole, humgusa mtoto kwenye paji la uso, na kila akimgusa hutaja mmoja wa waliokufa. Jina litakalomnyamazisha ndilo lake, maana mwenyewe amekuja kumwangalia.

Mkubwa huyo alikuwa Bi Mboni, shangazi yake Fanueli, aliyeolewa Kigombe na kukaa huko miaka yote akianika dagaa na kutoa hukumu.

Mtoto wa kwanza wa Bertha alinyamaza kwa jina la Manase, marehemu baba yake Fanueli. Akafa kabla ya kuota meno. Wa pili, msichana, alinyamaza kwa jina la Mwatum, bibi yao. Huyo alifika mpaka kusimama dede. Asubuhi moja akakaa chini, wala hakusimama tena.

Matanga ya yule wa pili, Bertha hakulia sana. Alichambua sufi. Mama yangu aliyekaa naye anasema alichambua hata ile iliyokwisha kuchambuliwa, macho kavu, na alipoinuka alikuwa na jibu lake: hawa wafu wanaokuja kuangalia watoto, wanaondoka nao.

Mimba ya tatu iliingia mwaka ule wanajeshi walipokuwa wakirudi kutoka Uganda na foleni za sukari zikianza kupinda kona. Bertha akamwambia mumewe kwamba huyu haulizwi. Fanueli akasema shangazi hatakubali. Bertha akamjibu kuwa shangazi alikwisha kukubaliwa mara mbili, na makaburi yako pale akitaka kuyaona.

Akaenda kwa Timotheo, mwalimu wa kanisa, mzee aliyeyajua majina ya watakatifu kwa kichwa kama konda anavyojua vituo.

"Mwalimu," akamwambia, "nataka jina lisilo na mwenyewe."

Timotheo akacheka, akidhani ni mambo ya wajawazito. Lakini alipoona mwenzake hacheki, akamweleza kwamba yako majina ya Kilatini, ya zamani sana, yaliyoletwa na mapadri, na kwamba Kilatini chenyewe hakina tena watu wa kukizungumza. Waliokizungumza wameisha wote. Hapo ndipo Bertha aliposhika. Lugha ambayo hata wafu wake wako mbali namna hiyo, ni mzimu gani wake atakayepanda basi kuja Muheza kudai mtoto?

Wakaanza kuchagua, na nasikia ilikuwa kama kununua nyanya sokoni. Klementi? Hapana, yuko Klementi aliyekufa maji Pangani. Feliksi? Bawabu wa shamba la mkonge, amezikwa juzi. Benedikto? Hao makaburini wamejaa, wanasukumana. Timotheo akaenda akirudi, mpaka akamtajia Severini. Bertha akauliza maana yake. Mwalimu akasema ni mtu mkali, asiyecheka ovyo.

"Namtaka huyo huyo mkali," Bertha akasema. "Akae mlangoni."

Lakini hakuliamini jina kwa mdomo wa Timotheo peke yake. Tumbo likiwa limefika puani, alizunguka makaburi ya hapa mjini, kisha ya misheni, kisha ya vijiji ambako ukoo wa Fanueli ulizikana, akisoma msalaba mmoja baada ya mwingine, na pasipo na maandishi akiuliza wenyeji. Watu walimkuta ameinama kwenye nyasi, mkono kiunoni, akifuta ukungu kwenye saruji kwa ncha ya kanga. Wakasema mimba imempanda kichwani. Severini hakuwepo popote. Akarudi nyumbani ameridhika, na ndipo, anasema yeye mwenyewe, alipolala usiku mzima. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho.

Akazaliwa mtoto wa kiume, mzima, mkubwa, na akaanza kulia. Bi Mboni alifika kutoka Kigombe na bakuli lake kikapuni. Akamkuta Bertha ameketi yeye mwenyewe kizingitini, mtoto mapajani anapiga kelele.

"Shikamoo shangazi. Leo kizingiti kina mtu."

"Marahaba mkamwana. Nakuona. Na mtoto naye namsikia."

Hakubishana. Akakaa barazani, akasema atasubiri. Mtoto alilia siku hiyo na siku zilizofuata. Mama yangu anaapa kuku wetu walihamia kwa jirani wa tatu. Fanueli akaanza kusema labda, labda tu, shangazi achovye kidole. Bertha akamwangalia mpaka akarudi kwenye baiskeli zake. Kisha akakimbilia kwa padri, ubatizo ukaharakishwa. Kitambaa cheupe hakikupatikana Muheza wala Tanga, kwa hiyo gauni la ubatizo lilishonwa kwa mfuko wa unga, na mgongoni paliandikwa kwa kigeni kwamba bidhaa hii haiuzwi.

Bi Mboni, kwa kuwa ni Muislamu, hakuingia kanisani. Alisimama nje, dirishani. Padri akachovya mkono kwenye maji, akamgusa mtoto kwenye paji la uso, akasema, "Severini."

Kilio kikakatika. Si kwamba kilipungua. Kilikatika, kama redio iliyotolewa betri. Vigelegele vikapigwa. Bertha akacheka, na waliomwona wanasema alikuwa mzuri siku ile. Akageuka dirishani amwoneshe shangazi jinsi ya kumpa mtoto jina. Dirisha lilikuwa tupu. Walipotoka walimkuta Bi Mboni ameketi chini kabisa, kwenye vumbi la ukuta wa kanisa, miguu ameinyoosha mbele kama wanavyokaa wafiwa. Alimwangalia mtoto, mtoto alimwangalia. Akajizoa, akachukua kikapu chake, akaondoka bila kunywa chai.

Bertha akajaribu wiki nzima kumsahau shangazi pale vumbini. Akashindwa. Jina alilopewa mtoto lilikuwa zuri, mtoto alikuwa mkimya, kila kitu kilikuwa kama alivyotaka, na hapo ndipo mwili ulipomsisimka. Maji, kidole, paji la uso, jina. Alikuwa amekimbia kizingiti cha shangazi, akaenda kukikalia kile kile kanisani. Akambeba mtoto mgongoni, akashuka Kigombe.

Alimkuta Bi Mboni anageuza dagaa juani. Hakuzunguka.

"Shangazi, niambie ni nani."

Bi Mboni akaendelea kugeuza dagaa. Kisha akasema, "Ni baba yangu."

"Baba yako ni Hatibu. Kila mtu anajua."

"Hatibu ni jina alilosilimu nalo ukubwani. Alipokuwa mdogo alilelewa misheni, mapadri wakambatiza. Jina lao aliliacha huko huko, akabaki nalo mama yake tu, akimwita wakiwa wawili. Nililisikia nikiwa mtoto. Severini."

Bertha akasema hakuna kaburi la Hatibu alilolipita, na hakuna kaburi la Severini.

"Kwa sababu hana kaburi," Bi Mboni akasema. "Alikuwa mtu mtulivu, hana ugomvi na mtu. Asubuhi moja mama alimpakulia chakula. Hakula. Akakifunika kwa kawa, vizuri, kama mtu atakayerudi kula, akatoka. Tulimtafuta mpaka Mkwaja. Ndiyo maana pale kizingitini nawataja wote, yeye simtaji. Asiyezikwa haitwi, maana hajulikani atakuja kutoka wapi. Wewe umemwita. Tena kwa jina alilomwita mama yake."

Bertha akasema atalibadili hilo jina kesho asubuhi.

"Libadili. Alishakuja." Bi Mboni akainua macho kwa mara ya kwanza. "Usihofu kifo, mkamwana. Wale wawili walikuwa wa kufa. Huyu ni wa kuondoka."

Basi akamlea. Surua iliyopita mtaani ikachukua watoto wa watu, yeye ikamgusa tu na kuendelea na safari. Alikuwa mrefu, msafi, mtulivu mpaka inakera; ukimtania anakungoja umalize, kama karani. Na Bertha alimlinda kwa namna ambayo ilitufanya tucheke. Kawa za ukindu, zile za kufunikia chakula, alizichoma zote, na nyumbani kwake hakuna chakula kilichofunikwa kwa chochote. Kama hakikuliwa, ni cha kuku. Kuku wa Bertha walinenepa miaka ambayo binadamu walikonda. Kitanda chake akakihamishia nyuma ya mlango wa mbele, hivi kwamba asiyemruka hatoki. Fanueli akazoea kuingia kwa mlango wa uani kama mwizi wa mke wake mwenyewe.

Kisha ikaja ruksa ya biashara. Madukani vikarudi vitu vyote vilivyokuwa vimekufa, na juu yake magodoro ya sponji, mekundu, mepesi, yamefungwa nailoni. Sufi ikawa kitu cha bibi. Bertha akaendelea kuichambua hata bila wanunuzi, kwa sababu Severini alikaa naye uani akimsaidia, na akikaa uani haendi. Dada yangu Suhaila naye akawa anakwenda kuchambua. Tulimcheka jinsi alivyopenda ghafla kazi iliyokwisha kufa, akirudi na manyoya ya sufi nyweleni mpaka mgongoni. Mimi nilikuwa chuo wakati huo, nikisomea ile diploma ambayo tuliachana njiani, kwa hiyo mengine niliyasikia likizo.

Mwaka wa tisini na saba Bi Mboni alifariki. Bertha hakuwa na njia ya kukosa kumzika. Alimwachia Fanueli kijana wake kama mtu anayeacha mkaa wa moto kwenye kitambaa, akashuka Kigombe asubuhi, akarudi mchana ule ule, udongo wa kaburi ukiwa bado miguuni. Mlango ulikuwa wazi. Fanueli alikuwa uani, ameinamisha baiskeli ya mteja, anapiga mluzi. Mezani palikuwa na kawa.

Haikuwa ya zamani. Ilikuwa mpya, ukindu bado una ubichi, kingo zimesukwa vizuri. Nyumba ile haikuwa na mtu aliyewahi kumfundisha Severini kusuka. Bertha akaifunua. Ugali na mboga ya mchunga, havijaguswa, bado vina joto.

Fanueli aliendesha baiskeli mpaka Segera, akarudi akaendesha mpaka Tanga. Makondakta walimwambia hawakumpakia. Polisi wakasema kijana mkubwa kaenda kutafuta maisha, na kweli mwaka ule vijana wote walikuwa wanaondoka, kila basi limewajaza. Ila wa Bertha peke yake ndiye aliyefunika chakula.

Hakulia. Alishika maneno ya marehemu: huyu si wa kufa, ni wa kuondoka. Na aliyeondoka anarudi. Kwa hiyo kila asubuhi alikaa kizingitini, pale pale alipomzuia shangazi, akageukia barabara, akaita. "Severini." Mara moja tu, kwa sauti ya kumwita mtu aliye chumba cha pili. Mwanzoni tulinyamaza kwa heshima. Baadaye tukazoea, tukapiga mswaki.

Suhaila akajifungua masika ya mwaka uliofuata. Baba wa mtoto hakumtaja, na mama yangu aliuliza mpaka akachoka. Mtoto msichana, mzima, na ilipofika Ijumaa akaanza kulia. Titi hataki, kubebwa hataki. Tukadhani ni chango.

Jumapili asubuhi tulikuwa wote chumbani, mtoto analia mpaka fito zinatetemeka, na upande wa pili wa ukuta Bertha akatoka, akaketi, akaita.

"Severini."

Kilio cha mtoto kikakatika.

Suhaila alikuwa anatazama sakafu, machozi yanamdondokea magotini. Tulisikia ndara za Bertha zikija, taratibu, zikizunguka nyumba. Akasimama mlangoni kwetu, hakubisha hodi. Akamtazama Suhaila, akamtazama mtoto, na nilimwona akielewa yote mawili kwa pamoja: kwamba damu ile ni ya nani, na kwamba kwenye ukoo ule mtoto hanyamazii jina la mtu aliye hai.

Akanyoosha mikono, Suhaila akampa. Alimshika muda mrefu. Kisha akakaa chini, palepale kwenye udongo wa mlangoni, akainyoosha miguu mbele. Mtoto alikuwa anamtazama, ametulia kabisa.