Diski Niliyoitangazia Msiba Ikiwa Hai

Siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na mke wangu asisikie, ni ile niliyosema diski ya Mwalimu Bura imekufa. Usinicheke nikikuita mwanangu wakati ndevu zenyewe bado nazihesabu. Kwenye ufundi kompyuta hapa Katesh mimi ndiye mzee wenu. Nimeharibu nyingi kuliko nyie wote.

Nilikuwa na kibanda, bisibisi tatu na elimu ya darasa la saba. Mwalimu Bura alikuwa amestaafu, anaishi kwao Masakta. Alileta kompyuta yake ya mezani kwenye pikipiki, ameiviringisha blanketi kama mtoto mwenye homa. Ndani yake kulikuwa na hadithi za mama yake, Bibi Paskalina. Miaka mitatu Bibi anasimulia, Mwalimu anachapa kwa vidole viwili. Nakala nyingine hakuna popote. Na Bibi kila Jumapili anauliza kitabu chake kimefika wapi.

"Diski imejaa," Mwalimu akaniambia. "Niongezee nyingine. Ya zamani ibaki humohumo, na hadithi za mama usiziguse."

"Mwalimu, hiyo ni kazi ya kunywea chai tu!"

Nikafungua, nikapuliza vumbi, nikafunga diski mpya pembeni ya ile ya zamani. Nikawasha. Feni ikanguruma, skrini ikabaki nyeusi na mstari mmoja wa Kiingereza. Nikazima, nikawasha. Vilevile. Mwalimu anakohoa nyuma yangu.

Mwanangu, pale nilitakiwa kusema: "Mwalimu, sijui, nipe muda." Maneno manne. Yalinishinda. Nikageuka na sura ya matanga, nikasema, "Pole sana, Mwalimu. Ya zamani imekufa. Ilikuwa imechoka."

Hakugomba. Aliokota kofia yake taratibu. "Mimi siwezi kumwambia mama. Utamwambia wewe."

Tukapanda pikipiki mpaka Masakta. Bibi tulimkuta uani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kaa. Pukuchua."

Akaniuliza mama hajambo, baba hajambo, ng'ombe wamekunywa maji. Kila nikitaka kusema, kuna salamu nyingine. Mwishowe nikamwambia. Mikono yake ikasimama juu ya gunzi. Nilitamani anitukane, nipumue.

Badala yake akaanza kuniuliza. Wewe, mwanangu, umechunga, unajua. Mtoto akirudi na ng'ombe pungufu, wazee hawaanzi na fimbo. Wanamrudisha kwa maswali mpaka zizini: mlitoka saa ngapi, mlipita wapi, nani alikuwa mbele.

"Asubuhi ilikuwa inawaka?"

"Ilikuwa inawaka, Bibi."

"Ukafanya nini?"

"Nikaweka diski mpya."

"Na nini kingine?"

"Basi."

"Na nini kingine?"

Nikamaliza kupukuchua hindi zima. "Nilichomoa waya wa ile ya zamani nikaipa mpya. Ya zamani nikaichomeka kwenye waya wa pili."

"Kwa nini?"

"Mpya ilikuwa inang'aa, Bibi. Nikaona ikae mbele."

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. "Yaani umemtanguliza ng'ombe wa mnadani, kaja jana, halafu unashangaa kundi halijafika nyumbani? Huyo anaijua njia?"

Hapo ndipo nikaelewa, mwanangu. Kompyuta ile ilikuwa inaamkia kwenye diski ya waya wa kwanza. Inabisha hodi kwa mpya, nyumba tupu, hakuna wa kuitikia, inakaa chini. Ya zamani yenye kila kitu iko nyuma, hakuna anayeiuliza.

"Na hii uliyosema imekufa," Bibi akaendelea, hacheki tena, "uliipima?"

"Hapana, Bibi. Niliona aibu."

"Kwa hiyo aibu yako ndiyo ilitaka kunizikia hadithi zangu."

Mwalimu akadakia kutoka mlangoni, "Mimi nilijua. Mtu akisema mgonjwa amekufa, huwa amemshika kwanza mkono. Wewe hata hukumgusa."

"Sasa, Mwalimu, si ungesema palepale?"

"Ningekubishia palepale ungeingia mle ndani na hasira zako, ungeiua kweli. Ndiyo maana nikakuleta kwa mama."

Jioni haijafika tulikuwa kibandani. Nikabadilisha nyaya, ya zamani mbele, mpya nyuma. Mwalimu alijifunika uso kwa kofia. Nikawasha. Piip! Picha ya Mlima Hanang ikajaa kwenye skrini, na hadithi zote zikiwa pale. Kabla ya neno lolote nikazinakili kwenye diski mpya. Mwalimu hakutoa kofia usoni muda mrefu, na mimi sikumwangalia.

Kitabu kilipotoka Bibi aliniita nimsomee. Nikafika ukurasa wa pili akanikata: "Wewe, mbona fisi umemruka?" Kweli nilikuwa nimemruka. Nikarudi mwanzo.

Basi nisikilize, na hiyo simu iweke chini. Kompyuta ikigoma baada ya mkono wako kuingia, anza na mkono wako. Rudi hatua kwa hatua, taja kila ulichogusa, hata kile unachoona ni kidogo, hata cha aibu. Ukishataja vyote, jiulize tena na nini kingine. Kazi ya mtu inakiliwe kabla hujashika bisibisi, mimi nilikumbuka mwishoni. Na neno "imekufa" lisitoke mdomoni mwako kabla hujapima. Sema hujui. Hakuna mteja aliyewahi kumpiga fundi kwa kusema hajui, nimejaribu mwenyewe mara nyingi.

Haya, nenda, mwanangu. Mungu akupe mkono mtulivu na mdomo unaokiri mapema. Umeme usikukatikie katikati ya kazi, mama yako akuone ukizeeka, na jioni ukihesabu ng'ombe wako, wawe wametimia.