Kebo Iliyofungwa Mlingotini

Kutoka ofisi ya mkuu wa shule hadi chumba cha kompyuta ni mita themanini na mbili. Nilizipima mwenyewe kwa kamba ya katani niliyoipiga fundo kila baada ya mita tano, wanafunzi wakichungulia madirishani na kunicheka. Naanza na kamba kwa sababu baadaye ilisemwa kwamba sikuwa napima kitu, nilikuwa nazunguka uwanjani na kamba nikifanya mambo yangu. Mambo gani, hawakusema. Huku kwetu hawasemi. Wanakunyamazia tu, umalizie mwenyewe.

Shule yenyewe ni ya binafsi, iko pembeni ya mji wa Sumbawanga, na jina lake silitaji kwa sababu sina nguvu za kuitwa tena na mtu yeyote. Walinichukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Kazi ilikuwa moja: kuunganisha ofisi ya mkuu, ofisi ya taaluma, chumba cha walimu na kompyuta ishirini za wanafunzi, zote zisomane na zitumie mashine moja ya kuchapa. Mtandao ukifanya kazi, naajiriwa. Nikiajiriwa, napewa chumba kwenye nyumba za walimu.

Hicho chumba ndicho nilichokuwa nakitaka. Ajira wangeweza hata kuiita kibarua, nisingejali.

Nina mtoto wa kike, wakati ule alikuwa na miaka mitatu. Nilimpata mwaka uliofuata baada ya kumaliza kidato cha nne. Baba yake alishuka Kasanga, ziwani, kutafuta kazi kwenye maboti ya mizigo, akasema atapiga simu akifika. Labda hajafika. Mimi nilikuwa nimepanga mtaa wa Katandala, chumba kimoja na wasichana wawili, na mwenye nyumba alishasema mapema: watoto hapana, wanachafua kuta. Kwa hiyo mwanangu alikaa kwa mama yangu kijijini, njia ya Kaengesa, na mimi nilikuwa naenda Jumapili. Mtoto anamwita mama yangu mama. Mimi ananiita dada. Hakuna aliyemfundisha. Alisikia wadogo zangu wanavyoniita, akafuata.

Ufundi nilijifunzia kwenye duka la stationari karibu na stendi, nilikoajiriwa kutoa kopi. Mwenye duka alikuwa anafunga mitandao kwenye maofisi, akawa ananibebesha ngazi, halafu koleo, mpaka siku moja akaniachia kazi nzima akaenda kunywa chai. Kwa hiyo sikuwa nabahatisha. Nilichora ramani ya shule nzima kwenye karatasi ya grafu: swichi kubwa, kile kisanduku cha kugawia kebo, ikae ofisini, swichi ya pili ikae chumba cha kompyuta, na kati yake kebo moja ya kuvuka uwanja. Kwenye kuvuka niliandika njia mbili. Ama tuchimbe mtaro, kebo ipite chini ndani ya bomba, na kila upande tuweke kifaa cha kukinga radi chenye waya wa kwenda ardhini. Ama tuweke antena mbili zinazotazamana, kebo isivuke kabisa.

Mkuu aliitazama ramani kama menyu ya hoteli ghali.

"Mtaro haupiti hapo, binti. Tumepanda nyasi. Mahafali yanakuja, mgeni rasmi atakanyaga wapi?"

"Basi antena, mkuu."

"Za kutoka wapi? Kebo unayo. Vuta juu."

"Ni mbali, italegea katikati."

"Mlingoti wa bendera si uko katikati? Funga pale, ipumzike, iendelee."

Nikamwambia mlingoti ni bomba la chuma, na ndio kitu kirefu kuliko vyote kwenye eneo lile. Nikamwambia huku Ufipa tuko juu, tambarare, hakuna cha kutukinga, radi inachagua kilichosimama peke yake.

"Bendera ya taifa iko pale miaka yote. Umesikia radi imeigusa?"

"Haikuwa na waya unaoingia ofisini kwako."

Walimu wawili walicheka. Yeye hakucheka. Alisema, "Wewe ni fundi au mtu wa hali ya hewa?" Wakacheka zaidi, safari hii upande wake.

Ningeweza kukataa. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini ningekataa nikaenda wapi? Nilipanda ngazi mimi mwenyewe, mikono yangu hii, nikaifunga kebo kwenye mlingoti kwa waya laini, juu sana ya pale kamba ya bendera inapozungushiwa. Upepo wa Agosti ulikuwa unapiga mpaka machozi yananitoka. Mlinzi, mzee mmoja mwenye koti refu la jeshi, alinishikia ngazi. "Shuka, mwanangu, utaganda huko," akawa ananiambia. Alikuwa ananipenda. Nalisema hilo kwa sababu ya yaliyokuja.

Kazi ya ndani niliifurahia, sitadanganya. Unachuna kebo, unakuta nyaya nane ndogo zimesokotwa mbili mbili, unazifungua, unazinyoosha, unazipanga kwa rangi zake: chungwa yenye nyeupe, chungwa, kijani yenye nyeupe, bluu, na kuendelea. Ukikosea moja tu, umeharibu. Unakata sawasawa, unaingiza kwenye kichwa cha plastiki cha kuchomekea, unabana kwa koleo mpaka usikie kaa! Nilibana vichwa hamsini na kitu. Mwalimu wa fizikia, kijana aliyeanza kazi mwaka huohuo, alikuwa hanipiti bila neno.

"Fundi, nibane na mimi kichwa. Kimelegea tangu asubuhi."

"Hiki kinataka nyaya nane, mwalimu. Chako kina ngapi?"

"Saba."

"Basi ndiyo maana."

Siku ya kujaribu nilitembea na testa, kifaa cha vipande viwili kinachochomekwa huku na huku kwenye kebo, chenye taa nane ndogo. Moja, mbili, tatu, zikifuatana mpaka nane bila kuruka, kebo ni nzima. Nilijaribu kila tundu. Kwenye ofisi ya taaluma kichwa kimoja kilipasuka na vichwa vilikuwa vimeniishia, kwa hiyo nikachomoa kebo ya ile kompyuta ya wanafunzi niliyokuwa naandikia mimi, nikawapa wao. Yangu ikabaki haijaunganishwa na kitu. Hilo nalo likumbukwe.

Saa saba mchana nikatuma karatasi kutoka chumba cha kompyuta, ikachapwa ofisini kwa mkuu, mita themanini na mbili na kuta nne katikati. Katibu muhtasi alipiga kelele kama amemwona nyoka. Nilikaa kwenye ngazi za chumba cha kompyuta nikacheka peke yangu.

Halafu nikaandika ripoti, kwa sababu aliyenifundisha alisema kazi bila ripoti ni nusu. Nikaorodhesha matundu yote na majibu yake. Mwisho, chini ya kichwa cha Tahadhari, nikaandika: "Mvua zikianza, radi itashuka kwenye mlingoti, itafuata kebo hii pande zote mbili na kuua vifaa vyote vilivyounganishwa nayo. Kebo iondolewe kabla ya Novemba." Mwalimu wa fizikia aliisoma akanirekebishia koma mbili. Akasema, "Hapo kwenye radi uko sahihi kabisa, hata mimi ningeandika hivyohivyo." Mkuu alipiga muhuri wa Imepokelewa bila kufungua ukurasa wa pili. Ilikuwa siku mbili kabla ya mahafali, alikuwa na mambo ya maturubai.

Akanionyesha chumba. Dirisha moja, sakafu ya saruji, mlango unaofunga. "Tukimaliza Novemba tunakupa ufunguo pamoja na barua," alisema. Nilikipima kwa kamba ileile kuona kitanda cha mtoto kitakaa wapi. Jumapili iliyofuata nikampelekea mwanangu sweta jekundu la mtumba na testa ya kuchezea. Alikaa mapajani kwangu anaangalia taa. Nikimwambia moja, anasema moja. Alifika nne siku hiyo.

Radi ilipiga Jumatano moja ya Novemba, wiki ya kwanza ya mvua, wakati wa chakula cha mchana. Wanafunzi wote walikuwa bwaloni na makande yao, nashukuru Mungu kwa hilo tu. Nilikuwa chumba cha walimu. Sikusikia ngurumo, nilisikia kitu kama bati linapasuliwa ndani ya kichwa changu, na kompyuta iliyokuwa mezani ikatoa moshi mweusi ikazima. Harufu ya plastiki ikajaa. Kule chumba cha kompyuta, tulipozijaribu zote ishirini, iliyokubali kuwaka ni moja. Ile yangu.

Nilijua sababu kabla sijafika mlangoni. Haikuwa na kebo. Mtoto wa kidato cha pili angekuambia.

Kikao kiliitwa kesho yake. Mkuu alikuja na faili, akatoa ripoti yangu, akasoma ukurasa wa pili kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Aliusoma taratibu, kwa sauti, kama barua ya msiba. "Radi itashuka kwenye mlingoti. Itafuata kebo hii pande zote mbili." Akaiweka mezani.

"Binti," alisema, "ulijuaje?"

"Nilikuambia, mkuu. Mbele ya watu. Ukaniuliza kama mimi ni mtu wa hali ya hewa."

"Siulizi kama uliniambia. Nauliza ulijuaje. Mpaka mwezi ukautaja."

"Novemba mvua inanyesha! Kila mwaka! Wewe umezaliwa hapa!"

"Usinipandishie sauti."

Mwalimu wa Kiswahili, mama mtu mzima ambaye nilikuwa namwamkia shikamoo kila asubuhi, akasema kwa upole kabisa, "Na ile moja iliyopona, si ndiyo anayokalia yeye?"

Nikaeleza kuhusu kichwa kilichopasuka, kuhusu kebo niliyowapa taaluma. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kuangalia meza. Nikamgeukia mwalimu wa fizikia. "Waambie. Si mnafundisha, kidato cha pili, umeme tuli, kikinga radi? Si ulisoma hii ripoti ukasema sahihi?"

Alikuwa anatazama viatu vyake. "Mimi nilisahihisha lugha tu," alisema.

Watu wa mikoa mingine wanapenda kusikia habari za radi za Sumbawanga, ati huku watu huzituma kwa adui zao, wanazicheka, wanatuomba tuwatumie moja kwa jirani. Mimi huwa nawatukana. Lakini siku ile nilikaa kwenye chumba chenye watu kumi na moja wenye vyeti, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kutamka neno lile, kwa hiyo sikuwa na neno la kulikana. Mkuu alifunga faili. "Hakuna anayekushutumu. Ila shule ni wazazi. Wazazi wakisikia, watoto wataondolewa. Kwa amani ya shule, majaribio yako yaishie hapa."

Ripoti walibaki nayo. Niliomba nakala, nikanyimwa.

Nilikusanya koleo na vikorokoro vyangu. Mlinzi alinibebea begi mpaka getini, lakini ile kamba ya mafundo hakuigusa. Aliniashiria kwa kidevu niichukue mwenyewe.

"Mwanangu," alisema, "uliyaona, sawa. Kwa nini uliyaandika?"

"Ndiyo kazi yenyewe, babu."

"Ungenyamaza tu." Akafunga geti. Hakunitazama machoni.

Siku mbili baadaye nilipita pale kwa bodaboda. Kebo mpya ilikuwa imevutwa. Wamempata fundi mwingine, mwanaume. Ameifunga kwenye mlingoti uleule.

Jumapili nilienda nyumbani. Nilikuwa nimeamua nitamwambia mama chumba kimechelewa, basi. Lakini habari ilikuwa imefika kabla yangu. Mama alikuwa jikoni anachambua maharage, mtoto yuko sakafuni na sweta lake jekundu. Nikakaa karibu na mlango, nikamwita, akaja mapajani na testa yake. Nikamchomekea kipande cha kebo. Moja. Mbili. Alifika sita bila msaada, na mimi nikasahau kwa dakika nzima.

Ndipo kukanguruma kule upande wa bondeni. Mama akainuka haraka, akamvua mtoto sweta, kwa sababu nyekundu haivaliwi wakati wa ngurumo. Amenivua mimi pia hivyohivyo utoto wangu wote. Sikuona ajabu. Lakini baada ya kumvua hakumrudisha mapajani kwangu. Alisimama naye, amemkumbatia.

"Ni kweli uliandika?" aliuliza.

"Mama. Ni fizikia."

"Nimeuliza kama uliandika."

"Niliandika."

Aliitikia kwa kichwa, pole pole. Akaenda kukaa kona ya mbali, nyuma ya magunia, mtoto mapajani kwake. Mvua ikaanza kupiga bati. Mtoto alininyooshea mkono anataka taa zake.

"Zima hicho," mama aliniambia.

Nikachomoa kebo. Mtoto akaanza kulia, akageuka akaficha uso kifuani kwa mama yangu. "Mama," akamwambia yeye, "dada kanizimia." Na mama akampigapiga mgongoni, anamnyamazisha, macho yake yote kwangu, mpaka ngurumo ilipopita, na hata ilipokwisha kupita.