Kitenge cha Mama Neema chini ya ghala lililochorwa

Leo mwalimu wetu wa kushona ametushangaa mpaka akavua miwani.

Sisi akina mama wa Kongo hapa Erdington, mtaa wa Birmingham, tunashona naye blanketi la viraka. Alituambia kila mtu alete kipande cha kitambaa chenye kumbukumbu. Leo akatupeleka mashambani kwa basi kuona maghala marefu ya nafaka yaliyochorwa picha kubwa ukutani, ati tujifunze kupanga rangi.

Chini ya ghala lenye picha za ndege na maua akasema, "Haya, toeni."

Mwenzetu Mama Riziki akatoa. Mimi nikatoa. Wengine wakatoa.

Jamani, kitenge kilekile! Buluu, majani ya manjano.

Na hatukuambiana!

"Blanketi linahitaji vitambaa tofauti," mwalimu akasema polepole, kama anaongea na watoto.

Nikamweleza. Hiyo ndiyo sare tuliyoshona kumzika Mama Neema, aliyetupokea sisi wote tulipofika Birmingham hatuna hata sufuria.

Akavichukua vipande, akavitandaza kwenye nyasi kimoja kimoja.

Hapo ndipo tukaona buluu zenyewe hazifanani. Changu kimepauka, maana nakivaa kanisani, nakivaa jikoni. Vya wengine hivyohivyo, kila kimoja kwa namna yake.

Cha Mama Riziki kinang'aa kama kimetoka dukani leo.

Yeye ni mdogo wake Mama Neema. Tangu siku ile ya mazishi hajakivaa tena.

Nyinyi wenzangu, kitenge cha msiba mnakivaa au mnakiweka?