Nyuzi za Fedha Juu ya Majani ya Ngonga

Kosa langu lilikuwa kuhukumu mavuno mazima kwa konzi moja ya kokoa. Mama Tusekile wa Ngonga, shangazi wa rafiki yangu, alinitumia punje hizo Mbeya. Nikazipima, nikampigia simu: "Kokoa yako ina dawa ya ukungu." Chama chake huuza kokoa isiyopuliziwa dawa, na ya mmoja ikiharibika, mzigo wa wote hukataliwa. Basi akajitoa kwenye mauzo. Niliposikia hivyo nilishikwa na hofu: alikuwa ameamini neno la kijana aliyejifunza kemia kwenye simu. Nikaazima tena kipimo cha leza kwa mwalimu mmoja, nikafunga safari kabla chama hakijapakia.

Mbeya niliondoka asubuhi na koti mwilini. Mkobani nilikuwa na vipande vyangu vya kupimia, vyepesi kama shashi. Ni nyuzi za plastiki nyembamba kuliko unywele, nilizozivuta kwa umeme kutoka ncha ya sindano na kuzipaka chembe ndogo mno za madini ya fedha. Leza ikivipiga, mwanga unaorudi huwa na alama ya kemikali iliyogusa nyuzi, na fedha huikuza alama hiyo hata kemikali ikiwa kidogo sana. Nilikuwa nimetupa vipande vingi kwa madoa ambayo hakuna mwingine angeyaona. Kumbe nilikagua nyuzi, sikukagua maswali yangu.

Baada ya Tukuyu barabara ilianza kuteremka, chai ikaisha, migomba ikazidi. Kyela mjini nilifika nimeshavua koti. Bodaboda ikanipitisha kati ya mashamba ya mpunga hadi Ngonga.

"Ugonile, mwanangu," Mama Tusekile alinisalimu. "Umekuja kuniambia tena nalisha watu sumu?"

"Hapana, Mama. Nimekuja kupima upya."

"Kwanza ule wali na samaki."

Nikamwambia naogopa mafuta ya samaki yasiingie kwenye vipande. Akacheka. "Anayekataa wali wa Kyela ndiye wa kupimwa!"

Nikala, nikanawa mara tatu.

Kokoa yake ilikuwa imevundikwa katika masanduku mawili ya mbao, imefunikwa majani ya mgomba. Nilianza na maji matupu: hayakuonyesha alama ya dawa. Sanduku la kwanza likaionyesha. La pili, juu, katikati na chini, halikuonyesha kitu. Nikarudia, ikawa vilevile.

"Ile ya Mbeya uliitoa wapi, Mama?"

"Hapo juu, sanduku la kwanza. Palikuwa karibu."

Nikalaza kipande juu ya jani lililofunika sanduku hilo. Nyuzi ni laini, zikalala juu ya mishipa ya jani kama kitambaa. Alama ikapanda kuliko zote.

"Na majani haya?"

"Ya kwa shemeji. Yangu yaliishia kwenye sanduku la pili."

Shemeji yake, Ambakisye, hayumo kwenye chama. Hupulizia kokoa yake dawa ya ukungu, na migomba humea katikati ya mikokoa hiyo. Tulimwita.

"Majani niliwapa bure," alisema, "sasa na lawama mnanipa bure?"

"Chukua zote, shemeji, hazilipiwi," Mama Tusekile akamjibu. Kisha akanigeukia, hacheki tena. "La pili ni safi? Sema neno moja."

Nilitaka kusema "inaonekana". Nikasema, "Safi."

Jioni ileile tulifukia kokoa ya sanduku la kwanza. Ambakisye ndiye aliyechimba shimo. Kesho yake ya sanduku la pili ikaanikwa, na ilipokauka chama kikaipokea pamoja na ya wenzake.

Nikiondoka Mama Tusekile alinifungia mchele kwenye kitambaa. "Ndaga fijo," alinishukuru, "lakini safari nyingine uliza kabla hujapiga simu."

Njiani kurudi Mbeya sikukagua vipande vilivyobaki. Sasa simpi mtu jibu kabla ya kujua sampuli ilichukuliwa sehemu gani na ilifunikwa na nini, na huchukua sampuli zaidi ya moja. Mama Tusekile hukata majani ya migomba yake mwenyewe.